Mkebe wa Chakula Wenye Risasi: Sheria Iko Upande Wako

Ukinunua mkebe wa plastiki wa kumfungia mtoto chakula cha shule, si kazi yako kuthibitisha kwamba hauna madini ya risasi wala kadimiamu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na fidia akidhurika kwa sababu ya kasoro ya bidhaa.

Lakini mahakama hutaka ushahidi, na hapo ndipo wengi hukwama. Kipo kifaa cha eksirei cha kushika mkononi ambacho, kikielekezwa kwenye plastiki, husoma baada ya muda mfupi risasi, kadimiamu au bromini iliyomo. Ishuku zaidi plastiki nyeusi, kwa kuwa nyingine husagwa kutoka kwa maganda ya televisheni na kompyuta kuukuu. Hata hivyo, kifaa hicho huonyesha kilichomo ndani ya plastiki tu. Wakili wa muuzaji atauliza: je, kilitoka kikaingia kwenye chakula? Kujibu hilo, maabara hujaza chombo asidi hafifu kama ya siki, hukiweka kwenye joto kwa muda maalum, kisha hupima kile kimiminika. Omba kipimo hicho cha pili. Ndicho kinachokaribia maharagwe ya moto yenye nyanya yaliyokaa humo tangu alfajiri.

Gharama yake ni mzigo, na linaniuma kwamba anayenunua mkebe wa bei rahisi ndiye asiye na pesa za maabara. Kwa hiyo anza na Shirika la Viwango, KEBS. Andika barua, utaje nambari ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora, uulize kibali hicho ni cha bidhaa gani na kilitolewa kwa vipimo vipi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na taasisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ikinyamaza, lalamika kwa ofisi ya Ombudsman.

Tangazo la dukani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi lisikutishe. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inabatilisha sharti lolote linalokunyima dhamana uliyowekewa na sheria. Dai lisilozidi Sh1 milioni unaweza kulipeleka Mahakama ya Madai Madogo bila wakili.

Hifadhi risiti, au ujumbe wa M-Pesa wa siku uliyonunua, pamoja na mkebe wenyewe. Usiutupe kwa hasira. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, kwa hiyo mwombe daktari ampime mtoto damu, na chakula chake cha kesho kifunge kwenye chombo kingine.