Kupima nyufa za mwamba kabla ya kuchimba kisima

Katika graniti ya Dodoma au Mwanza, maji ya chini ya ardhi hukaa kwenye tabaka la juu lililochakaa na ndani ya nyufa. Jiwe lenyewe halipitishi maji. Anayetafuta pa kuchimba sharti ajue nyufa zinaelekea wapi na zimesongamana wapi. Jicho halitoshi, kwa sababu huvutwa na ufa mkubwa na kuzipita ndogo.

Nyosha futi kamba juu ya mwamba ulio wazi, uandike kila ufa unaoikata: umbali, mwelekeo kwa dira, mwinamo. Amua mapema urefu wa chini wa ufa utakaouhesabu, tuseme sentimita 20, na usiubadilishe katikati ya kazi.

Ugumu ni huu: nyufa zinazokwenda karibu sambamba na kamba haziikati, hivyo huonekana chache kuliko zilivyo. Mwanajiolojia Ruth Terzaghi alieleza marekebisho yake mwaka 1965: kila ufa upewe uzito wa 1 gawanya kwa saini ya pembe iliyopo kati yake na kamba. Wa nyuzi 90 unabaki mmoja. Wa nyuzi 30 unahesabiwa kama nyufa mbili. Kwenye nyuzi 5 uzito unapita 11, na ufa mmoja tu unavuruga jedwali zima. Kwa hiyo nyosha kamba ya pili, iikate ya kwanza kwa pembe mraba. Takwimu za kamba moja mimi sizikubali.

Wastani wa mwelekeo nao una mtego. Nyufa za nyuzi 5 na 175 zote zinakwenda karibu kaskazini-kusini, lakini wastani wa kawaida unatoa 90, yaani mashariki-magharibi! Zidisha kila pembe kwa mbili, tafuta wastani wa saini na kosaini zake, upate pembe, kisha uigawe kwa mbili.

Halafu tazama nafasi kati ya ufa na ufa. Gawanya mkengeuko sanifu kwa wastani. Jibu likikaribia 1, nyufa zimetawanyika ovyo. Likizidi 1 kwa mbali, zimejikusanya mafungu, na mafungu hayo ndiyo ya kufuatiliwa. Zile zinazolala sambamba na uso wa mwamba zitenge, maana hupungua kadiri unavyoshuka.

Kabla hujamlipa mwenye mtambo wa kuchimba, dai uone vipimo vya kamba zote mbili.