Kutu Haifichwi kwa Rangi

Maandiko ya kusoma: Zaburi 32:1-5, Ezekieli 24:6-12, Mithali 28:13, Luka 19:1-10, Wagalatia 6:1

Somo la wiki hii nimelitoa gereji. Mchungaji aliniomba nilifundishe bila kuruka ile sehemu inayoniuma, nami nimekubali.

Baba yangu mzazi alifanya kazi bandarini Mombasa kwa miaka mingi. Alipostaafu alirudi Nakuru na gari lake, Peugeot 504, ile ndefu ya kubeba familia nzima na mizigo. Wazee wetu wanaijua vizuri. Ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, baadaye ikaunganishwa hapa Kenya pia, na ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Wengi wetu tulisafiri kwenda ushago tukiwa tumebanana ndani yake. Baba alipolala katika Bwana, aliniachia gari hilo. Aliniachia pia kutu ambayo sikuiona.

1. Kutu huanza pale maji yamekwama

Chuma kikikutana na maji na hewa, kutu huanza. Chumvi huharakisha kazi hiyo, ndiyo maana gari lililoishi karibu na bahari huliwa mapema kuliko la huku juu. Lakini kutu mbaya haianzi pale unapopaona. Chini ya milango kuna sehemu kama boksi, na chini yake kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vitundu hivyo vikizibwa na matope, maji hukaa ndani. Nje rangi inang'aa, ndani chuma kinaliwa.

Siku moja niliona rangi imevimba kama malengelenge chini ya mlango wa dereva. Ibada ya ukumbusho wa Baba ilikuwa imebaki wiki sita, na nilitaka gari lake lipendeze mbele ya ukoo. Fundi wa bodi akanipa njia mbili. Ya kwanza, kukata chuma chote kilichooza na kuchomelea kipya, kazi ya wiki tatu na pesa nyingi. Ya pili, kukwangua juu juu, kujaza fila, kupiga msasa na kupaka rangi. Siku nne, shilingi 40,000. Nilichagua ya pili.

Sasa nifike pale panaponiuma. Zile 40,000 hazikuwa zangu. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha nyumbani, na hiyo ilikuwa pesa ya kusaidiana. Nilijiambia nimekopa tu, nitarudisha kabla mtu hajajua.

Siku ya ukumbusho gari liling'aa. Watu walipiga picha kando yake. Mjomba alinishika mkono akasema nimemheshimu baba yangu. Nikasema amina.

Lakini fila si chuma. Ikipata mwanya hunyonya unyevu, na kutu iliyoachwa chini yake huendelea kula. Mvua za msimu wa pili zilipoisha, malengelenge yalirudi makubwa kuliko ya kwanza. Asubuhi moja ya Jumapili, mke wangu aliingia garini, akakanyaga, zulia likazama. Aliponyanyua zulia aliona mawe ya barabara. Tulikuwa tumevalia nguo za kanisani, tumesimama tunaangalia shimo.

Katika Zaburi ya 32, Daudi anasema kwamba aliponyamaza na dhambi yake, mifupa ilichakaa ndani yake. Ona hapo: hakuna aliyekuwa anamshtaki wakati huo. Ni kule kunyamaza ndiko kulikomla.

2. Kijiko cha mafuta

Injini nayo ilikuwa inatoa moshi wa buluu. Moshi wa buluu maana yake injini inachoma mafuta yake yenyewe. Nilikuwa nimeshajifunza kuzunguka shida hiyo kwa kuweka oili nzito na kuongeza kila wiki. Mwishowe nilienda kwa fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache. Alitoa plagi zote nne, akapima presha ya kila silinda. Tatu zilisoma karibu 130. Ya tatu kutoka mbele ilisoma 70.

Akachukua oili kijiko kimoja, akaimimina kwenye tundu la plagi la silinda hiyo, akapima tena. Ikapanda hadi 110. Nilifurahi.

"Mzee, si imepona?"

Akacheka. "Kijana yangu, hiyo ni oili imeziba mahali pamekwisha. Ringi ni ile ile. Piga stati mara kadhaa, itarudi chini. Nimeweka oili ili nijue ugonjwa uko wapi. Sasa najua."

Ni kipimo cha kawaida cha mafundi. Oili ikipandisha presha, basi ringi au ukuta wa silinda umekwisha. Isipopandisha, ugonjwa uko kwa valvu au gasketi ya hedi. Lakini mimi nilisikia kitu kingine. Kwa mwaka mzima nilikuwa nakuja ibadani, nainua mikono, nalia wakati wa maombi, presha inapanda. Kufikia Jumatatu iko chini tena. Nilidhani shida ni kwamba sipakwi mafuta ya kutosha. Kumbe Bwana alikuwa akinigusa kila Jumapili ili anionyeshe pale palipokwisha, na mimi nafurahia mguso halafu naenda nyumbani bila kufunguliwa.

Tusidharau machozi ya ibadani. Ni mazuri. Lakini yatuongoze kwenye ukarabati. Hayawezi kuwa badala yake.

3. Lazima ukate hadi ufike kwenye chuma safi

Wiki hiyo hiyo, mtoto wa mama mmoja mjane katika kikundi chetu alilazwa. Kikundi kikaamua kumpa 25,000, nami niilete Ijumaa. Haikuwepo. Nilifungua simu nikaanza kutafuta mkopo wa haraka ili nizibe pengo. Nikakumbuka fila. Nikaiweka simu chini.

Alhamisi usiku nilimwambia mke wangu. Nikamwambia ni 40,000. Alinyamaza, kisha akauliza, "Ni hiyo tu?"

Wapendwa, fundi wa bodi mwenye ujuzi hachomelei chuma kipya juu ya chuma chenye kutu. Moto ukigusa chuma chembamba kilichooza, kinatoboka, weldi haishiki. Kwa hiyo anakata kupita pale kutu inapoonekana, mpaka afike kwenye chuma kigumu, kinachong'aa. Baadaye, gari langu lilipofanyiwa kazi ya kweli, tundu lililoonekana kama sarafu lilifika ukubwa wa daftari. Niliogopa. Fundi akaniambia shimo halikuongezeka, ila tu sasa tunaliona lote.

Haikuwa hiyo tu. Kulikuwa na 12,000 nyingine niliyochukua mapema zaidi, nikainunulia tairi. Jumla 52,000. Kama mke wangu hangeuliza, ningekiri nusu, na ile nusu nyingine ingeendelea kula.

Ijumaa nilisimama mbele ya kikundi, mchungaji akiwepo. Sitawaficha: haikuwa siku ya shangwe. Ndugu walichanga usiku huo huo ili mtoto asikwame. Yule mama hakuniangalia usoni, na sikumlaumu. Niliondolewa uweka hazina. Tukaandikiana nilipe 4,000 kila mwezi, na nililipa miezi kumi na mitatu. Muda huo wote gari la Baba lilikaa juu ya mawe. Zakayo hakuishia kusema samahani. Alitaja mali yake na watu aliowadhulumu. Toba ina hesabu.

Ezekieli alionyeshwa sufuria ambalo kutu yake ilikuwa ndani, na taabu yote haikuweza kuitoa. Likawekwa tupu juu ya makaa. Ni neno la hukumu kwa mji mkaidi, na tulichukue kwa uzito: kutu isiyotolewa kwa kukiri hungoja moto.

4. Boloki haikutupwa

Deni lilipoisha, tulifungua injini. Silinda za 504 ni slivu, yaani mikebe ya chuma inayochomoka, na maji ya kupoza huzunguka nje yake. Zikiisha, huhitaji kutupa boloki. Unachomoa za zamani, unasafisha makao yake, unaweka slivu mpya na pistoni na ringi zake, na sili mpya chini. Sili isipokaa sawa, maji huingia kwenye oili nayo inakuwa kama chai ya maziwa. Hedi inapimwa kama imenyooka kabla ya kurudishwa. Ni kazi ya utaratibu. Lakini boloki ni ile ile aliyoendesha Baba, na namba yake ni ile ile.

Mungu hakunitupa. Alitoa kilichokwisha.

Kisha fundi akanionya: injini mpya hukimbizwi wala hupakii mzigo mzito kwa kilomita 1,000 za kwanza. Lakini pia usiiache inanguruma tu imesimama. Ringi zinahitaji kazi ya kadiri ili zikae vizuri kwenye ukuta wa silinda. Na umwage oili ya kwanza mapema, kwa sababu ina vumbi la chuma.

Hapo kanisa lijifunze. Wagalatia 6:1 inatuagiza kumrejesha aliyeanguka kwa upole. Kumrejesha si kumpa funguo za hazina wiki ijayo. Wala si kumwacha akae nyuma ya kanisa miaka mitano bila kazi. Mimi nilipewa kupanga viti na kufagia. Mpaka leo mimi si mweka hazina, na sijaomba kuwa. Pesa za kikundi sasa huguswa na watu watatu pamoja.

Bodi nayo ilichomelewa chuma kipya, ikapakwa praima ndani na nje. Kila mwezi napitisha waya kwenye vile vitundu vya chini. Na kila mwezi ndugu mmoja ana ruhusa ya kuniuliza habari za pesa, na mke wangu ana ruhusa ya kuuliza, "Ni hiyo tu?"

Mwezi uliopita nilimpeleka yule mama na mtoto wake kliniki kwa gari hilo. Aliingia polepole, akagonga sakafu kwa kisigino mara mbili.

"Hapa palitoboka, sivyo?"

"Ndiyo, mama. Palikatwa pote."

Akafunga mlango. "Basi twende."

Maswali ya kikundi cha nyumbani
1. Ni wapi maishani mwako maji yamekwama kwa sababu hakuna anayekuuliza?
2. Soma Luka 19:8. Je, kuna mtu unayehitaji kumrudishia kitu, na si kumwomba msamaha tu?
3. Kikundi chetu kinampokeaje aliyeanguka? Tunamharakisha, au tunamsahau?

Maombi
Baba, tusamehe kwa rangi tuliyopaka juu ya kutu. Tupe ujasiri wa kusema yote, si nusu. Waponye wale tuliowaumiza kwa siri zetu, na utufundishe kurejeshana kwa upole. Katika jina la Yesu. Amina.