Nukta ya Anwani na Nukta ya Sentensi



Wengi hapa Rumonge huniuliza kwa nini anwani ya tovuti waliyotumiwa kwa simu haifunguki, hali aliyeituma aliiandika sawasawa. Mega zimekwisha, na tangazo la mtihani halikuonekana. Mara nyingi sababu ni alama moja ndogo: nukta.

Simu haisomi kama tusomavyo sisi. Hutafuta mwanzo inaoujua, kama https:// au www., kisha huendelea mbele mpaka ikute nafasi tupu. Tazama mfano huu, wenye jina lililotengwa kwa ajili ya mifano tu tangu mwaka 1999:

Bei za mukeke zipo https://example.org/samaki.html.

Nukta mbili za kwanza ni za anwani. Ya tatu ni ya sentensi. Programu ikiichukua na hiyo ya tatu, itaomba ukurasa usiokuwapo, na jibu litakuwa 404, yaani ukurasa haupatikani. Basi kanuni ya kwanza ni hii: nukta, mkato, alama ya kuuliza au ya mshangao ikiwa mwisho kabisa, iondolewe, ikiwa katikati, iachwe.

Mabano yana ugumu zaidi:

(Habari za Utaridi: https://en.wikipedia.org/wiki/Mercury_(planet))

Hapa tukiondoa mabano yote mawili ya mwisho, tumeiharibu anwani. Hapana budi kuhesabu. Ndani ya anwani limefunguliwa bano moja, kwa hiyo bano moja la kufunga ni lake. La pili ni la sentensi.

Sisi wa Burundi tuna jambo letu jingine. Anwani za nchi yetu huishia na .bi, na katika jina la tovuti herufi kubwa na ndogo ni mamoja. Tena ziko programu zinazotambua anwani kwa mwisho wake tu, hata kama haina https:// mbele. Mtu akiandika “Tumefika Rumonge.Bi Asha anawasalimu”, bila kuacha nafasi baada ya nukta, simu yaweza kudhani Rumonge.Bi ni tovuti! Atakayeigusa atapelekwa mahali ambapo mwandishi hakukusudia.

Dawa iko mikononi mwa mwandishi. Mwaka 2005 Tim Berners-Lee na wenzake wawili, katika kanuni ziitwazo RFC 3986, walieleza kwamba anwani yaweza kuzungushiwa alama < na >, ambazo haziruhusiwi ndani ya anwani yenyewe. Mimi huiweka katika mstari wake peke yake, bila nukta nyuma yake. Ninyi mnaowatumia wadogo zetu matangazo, fanyeni hivyo, msiwapotezee mega zao.

Zoezi: Anwani inakoma wapi katika sentensi hii, na kwa nini?

Fungua www.example.org, kisha uniambie umeona nini.