Masala ya Mbwa Mwenye Kifafa

Tulikuwa tumefika mlango wa najisi katika darasa yetu ya baada ya Magharibi, nami nimekwisha kueleza kuosha mara saba na moja yake kwa udongo, nikadhani kazi ya usiku ule imekwisha. Ndipo kijana mmoja katika wanafunzi wetu, mwenye haya nyingi na maneno machache, alipouliza: "Shekhe, na mtu aliye na mbwa mgonjwa katika ua wake, akamshika kila siku asubuhi na jioni ili kumpa dawa, hukumu yake ni nini?" Watu wakacheka. Mimi nami nilitabasamu, nikamjibu kwa haraka kwamba Muislamu hana haja na mbwa, tena mgonjwa, amrudishe alikomtoa. Kijana akanyamaza. Baadaye nilipata khabari yote, nikaona kwamba jawabu langu lilikuwa limeitangulia elimu yangu. Na kwa kuwa nililitoa mbele ya watu, yanipasa kulirudia mbele ya watu.

Khabari yenyewe ni hii. Kijana huyu akaa na mama yake huku Likoni, katika nyumba yenye ua wa makuti. Alimkuta mbwa kando ya barabara, jike, rangi ya mchanga, amelala ubavu, miguu yapiga hewa na povu lamtoka, na watoto wamemzunguka wakimtupia mawe. Aliwafukuza watoto, naye hakumgusa. Akapeleka khabari kwa watu wenye kuokota wanyama waliotupwa. Wakaja wakamchukua, daktari wa wanyama akamtenga na kumwangalia siku kadha wa kadha, kisha akasema: huyu hana kichaa, ana kifafa. Lakini mahali pao palikuwa pamejaa, na mbwa wa kifafa hapati upesi mtu wa kumchukua moja kwa moja. Wakamwomba kijana amlee kwa muda, dawa wataitoa wao, mpaka apatikane mwenyewe. Akakubali. Huu ni mwezi wa nane. Mama yake amesema hatakula chakula kilichoguswa na mwanawe. Majirani wamesema swala zake hazipandi. Na jirani mmoja amesema zaidi ya hayo, kwamba mbwa yule ana jini, na jini akimtoka mbwa ataingia katika watoto wa mtaa.

Basi hapa pana masala mengi yaliyofungwa fundo moja, na kila mtu alivuta ncha yake.

Ama twahara, jambo lake ni jepesi kuliko watu wanavyolifanya. Sisi ni Mashafii, na katika madhehebu yetu mbwa ni najisi, tena najisi nzito. Lakini najisi hiyo haipandi kwa kuona wala kwa kukaribia. Mkavu ukigusana na mkavu, hapana cha kuosha. Ukiwapo umajimaji, kama vile mate, jasho, mkojo au manyoya yaliyorowa, ndipo mahali hapo panapooshwa mara saba, moja katika hizo iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Na ikiwa dhati ya najisi ingalipo, maosho yote ya kuiondoa huhesabiwa moja. Sabuni haishiki mahali pa udongo katika kauli yenye nguvu zaidi kwetu, ingawa iko kauli nyengine. Wala kumgusa mbwa hakutengui udhu! Jambo hili nimelikuta halijulikani hata na watu wazima wenye ndevu nyeupe. Aliyeguswa huosha mahali palipoguswa, na udhu wake uko pale pale.

Kijana, kumbe, alikuwa amekwisha kujipangia haya kabla ya kuniuliza. Ana shati na shuka za kazi hiyo peke yake, ana glavu za mpira, bakuli la mbwa halichanganyiki na vyombo vya nyumba, na karibu na bomba la uani pana ndoo ya udongo safi. Ni wangapi kwetu wenye hadhari hiyo kwa mkojo wa watoto wao?

Na tujue vilevile kwamba Imamu Malik, Mungu amrehemu, alimwona mbwa kuwa ni twahara, na amri ya kuosha chombo mara saba aliichukua kuwa ni ibada inayotiiwa bila ya kuifanya kuwa dalili ya najisi. Na kwa Mahanafi mate yake ndiyo najisi wala si dhati yake. Sisemi hivi ili kuwafungulia watu mlango wa kukimbia madhehebu yao pale yanapokuwa mazito. Nasema ili mtu asimtoe nduguye katika dini kwa jambo ambalo Waislamu wa Sudan na wa Moroko wanaliona vengine tangu karne na karne.

Ama kufuga, hapo ndipo penye uzito. Imesihi katika Bukhari na Muslim kwamba mwenye kuweka mbwa, asiyekuwa wa kuwinda wala wa kulinda mifugo au shamba, hupungukiwa na malipo yake kila siku kirati moja, na katika riwaya nyengine kirati mbili. Hadithi hii haichezewi. Mtu anayemweka mbwa kwa fakhari, au kwa kuiga watu aliowaona katika picha, na aihesabu hasara yake. Lakini wanazuoni wetu waliangalia sababu ya ruhusa, wakaiona ni haja. Na kwa kipimo hicho Imamu Nawawi alilipa nguvu neno la wale waliojuzisha mbwa wa kulinda nyumba, ingawa nyumba haikutajwa katika hadithi.

Je, haja ya mbwa mwenyewe ni haja? Kijana wetu hakumchukua kwa kujipamba, wala hakumnunua. Na katika madhehebu yetu mbwa hauziki. Amepokea mfano wa amana: kiumbe kilichokuwa kikifa njiani, kwa muda, mpaka apatikane wa kumpokea. Mimi naona jambo hili liko mbali na makatazo na liko karibu na kuondoa madhara, maadamu mbwa akaa katika banda lake uani wala haingii nyumbani. Nasema asiingie kwa sababu imesihi kwamba Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Alkhattabi aliwatoa katika hukumu hiyo mbwa walioruhusiwa, na Nawawi akaona kwamba dhahiri ya hadithi ni kwa mbwa wote. Basi hadhari ni njema, na banda la makuti halina gharama kubwa. Hii ni rai yangu, na mwenye elimu zaidi anisahihishe, sitaona haya mara ya pili.

Wala tusisahau upande wa pili wa kitabu, ambao ndio tuusomao kwa haraka. Yule mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji khofu yake, akaishika kwa meno ili apate kupanda, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu: Mungu alimshukuru akamghufiria. Masahaba walipouliza kama wana ujira kwa wanyama, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwajibu kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila chenye uhai, kuna ujira. Mbwa yule hakutajwa kuwa ni wa kuwinda wala wa kuchunga. Alikuwa na kiu, basi. Na katika mlango wa tayamamu, ambao tutaufikia, mtasoma kwamba msafiri mwenye maji machache akihofia kiu ya mnyama mwenye heshima aliye naye, na mbwa wa kulinda mmoja wao, humpa maji mnyama, naye akatayamamu. Tazameni! Maji ya udhu yamepewa mbwa, na fikihi ndiyo iliyoamuru.

Shekhe Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, katika kitabu chake Qawaidul Ahkam alizihesabu haki za wanyama juu ya binadamu, na katika hizo akataja kwamba mnyama hulishwa na kutunzwa ipasavyo hata akilemaa au akiugua hata asiwe na faida tena kwa mwenyewe. Maneno hayo yana zaidi ya miaka mia saba. Nami nilipoyasoma tena wiki hii nilikumbuka punda wetu wa Lamu, waliobeba mawe na chokaa ya nyumba zote zile, kisha wakizeeka waachwa vichochoroni na vidonda; mpaka ilipofika mwaka 1987 wakaja watu kutoka Uingereza kufungua mahali pa kuwatibu.

Sasa nije kwa jini.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hushika mbwa kama kinavyoshika watu, na mara nyingi kwa mbwa huanza baina ya miezi sita na miaka sita. Mnyama huanguka, hukakamaa, hutikisika, hutoa povu, pengine hujikojolea. Kisha huamka kama aliyepotea njia, na baada ya muda hurudi kuwa vile alivyokuwa. Hakiponi kwa kawaida, bali huzuiwa. Dawa yake iliyo mashuhuri ni fenobabitoni, dawa ile ile iliyotumiwa kwa watu wenye kifafa tangu mwaka 1912. Hupewa mara mbili kila siku, baina yake saa kumi na mbili, wala haikatwi ghafla, kwani kuikata ghafla huleta kifafa kikali kuliko cha kwanza. Wiki za mwanzo humtia mnyama usingizi, kiu na njaa. Damu hupimwa ili kujua kipimo cha dawa na hali ya ini. Akishikwa, mtu asitie mkono kinywani. Mbwa hamezi ulimi wake, lakini ataziuma taya zake bila ya kujua. Huondolewa vitu vya kumwumiza, huhesabiwa dakika, na ikipita dakika tano, au kikirudi mara kwa mara katika siku moja, hukimbizwa kwa daktari.

Hapa pana hadhari ambayo haifai kuachwa. Kichaa cha mbwa nacho huweza kumtikisa mnyama na kumtoa mate, na hicho kikidhihiri hakina dawa, kwa mbwa wala kwa mtu. Tafauti ni kwamba mwenye kifafa hurudi hali yake. Mwenye kichaa hageuki ila kwa kuzidi, naye hufa katika siku chache. Kwa hivyo mbwa usiyemjua akianguka njiani, fanya kama alivyofanya kijana: usimguse, waite wanaojua. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayopita muda wa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku ile ile kwa sindano. Serikali ya Kenya iliweka mpango mwaka 2014 wa kuumaliza ugonjwa huu ufikapo mwaka 2030, na nguzo yake ni kuchanja mbwa saba katika kila kumi. Mbwa wa kijana amechanjwa, na karatasi yake nimeiona kwa macho yangu. Wale wazururao sokoni, wasio na jini aliyetajwa, hakuna aliyewauliza karatasi.

Jirani aliyesema khabari ya jini ni mwanamke mwenye mtoto wa miaka tisa. Mtoto haonekani nje. Alfajiri moja kijana alipokuwa akificha kidonge ndani ya dagaa, mwanamke alimwita kwa nyuma ya makuti, akamwuliza ni dawa gani hiyo, maana ameona mbwa haanguki tena kama alivyokuwa akianguka. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mwanawe naye huanguka, tangu ana miaka minne. Amepungwa mara mbili, amenyweshwa makombe, ana hirizi tatu mwilini, na shule hajaiona.

Kijana hakumpa kidonge, na alifanya vyema, kwani kipimo cha mbwa si kipimo cha mtoto, na kila mmoja ana daktari wake. Alimwendea mama yake mwenyewe, yule asiyekula chakula alichokigusa, akamweleza. Mama akavaa buibui lake, akamshika mwanamke yule mkono, wakaenda hospitali na mtoto. Sasa mtoto anameza dawa yake asubuhi na usiku. Katika wiki sita ameanguka mara moja.

Na mimi nina langu la kusema, ingawa kalamu inasita. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kijana mwenye kilemba kipya, mtu alinijia na binti yake mwenye hali hiyo hiyo. Nilimsomea, nikamwambia baba yake asubiri. Sikumwambia aende kwa daktari, wala hakuna aya wala hadithi iliyonizuia kumwambia; bali tumeamrishwa kutafuta dawa. Yule binti alianguka jikoni penye moto. Yu hai, na alama zake ziko usoni na mkononi, na kila nikikutana na baba yake hunisalimu kwa heshima ambayo siistahili. Kusoma Kurani juu ya mgonjwa ni jambo jema, na sikatazi. Nililokosea ni kuyafanya masomo yangu kuwa mlango uliofungwa.

Kijana huyu, kila usiku ikikaribia saa moja, alikuwa akiinuka katikati ya darasa na kwenda zake, nami nilikuwa nimemhesabu katika wasiojali elimu. Alikuwa akienda kumpa mbwa dawa. Nimemwomba radhi, na sasa nafasi yake iko karibu na mlango ili asiwaruke watu.

Mama yake amerudi kula naye, kwa sharti ya kuiona ndoo ya udongo ikitumiwa.

Darasa itaendelea Jumatano, In shaa Allah, kwa mlango wa tayamamu. Kijana amenitaka niandike kwamba mbwa bado hajapata wa kumchukua. Aliye na shamba, au banda la kuku linaloibiwa, na amwone baada ya swala. Dawa ni saa moja asubuhi na saa moja usiku, wala haikosi hata siku ya Idi.