Ukishapata Kibali cha Utafiti

Mtafiti anayefika kijijini siku hizi huwa amejikamilisha kwa karatasi. Akiwa Tanzania ana kibali cha maadili cha NIMR. Akiwa Kenya ana leseni ya NACOSTI na idhini ya kamati ya maadili. Juu ya hapo ana barua ya utambulisho na muhuri wa ofisi ya kijiji. Karatasi hizo ni za lazima, na asiyekuwa nazo arudishwe alikotoka. Lakini hazimwelezi mdadisi gari aliegeshe wapi, wala afanye nini mama akimwambia "karibu kesho". Makala haya ni kwa wanafunzi na wakusanya data wanaokwenda kubisha hodi kwa watu.

Kwamba kibali pekee hakitoshi, Wasan wa kusini mwa Afrika wanalijua hilo. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba uliohusisha Wasan wanne wa Namibia. Idhini za kamati zilikuwepo. Viongozi wa Wasan hawakushirikishwa, na makala yenyewe yalikuwa na maneno waliyoyaona ya kuwadhalilisha. Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini wakatoa kanuni zao wenyewe kwa watafiti, zinazodai heshima, ukweli, haki, kujali na kufuata utaratibu wa wenyeji.

Tuanze na gari. Gari lenye nembo ya mradi wa UKIMWI likisimama mara mbili mbele ya nyumba moja, mtaa mzima umeshajipatia majibu. Liache sokoni au kwenye ofisi ya kijiji, utembee. Afadhali zaidi, muulize mshiriki angependa mkutane wapi. Nakala ya fomu ya ridhaa ni haki yake, ila wapo wasiotaka ionekane nyumbani; muulize kama ataichukua au umtunzie. Simu nayo hupokewa na yeyote, kwa hiyo kubalianeni mapema utajitambulisha vipi akipokea mume au shemeji.

Ridhaa inataka sikio kuliko kalamu. Mwenyekiti akikwambia watu wake wote wako tayari, amekukaribisha tu, hajaridhia kwa niaba ya mtu yeyote. Na sisi watu wa huku hatumkatalii mgeni usoni. "Ngoja baba watoto arudi", "leo nina kazi kidogo", kimya kirefu huku mtu akipepeta mchele: mara nyingi hiyo ni hapana. Ukiisikia mara ya pili, shukuru uondoke. Kliniki ni pagumu zaidi, kwa sababu mgonjwa akiona koti jeupe hudhani anatibiwa. Mwambie wazi kwamba huu ni utafiti, na akikataa ataendelea kupata huduma zake kama kawaida. Kisha mwombe akueleze kwa maneno yake alichokielewa. Akishindwa, uliyeshindwa kueleza ni wewe.

Damu ina habari yake. Hofu ya mumiani, wanaodaiwa kuwanyonya watu damu, imekuwepo Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, na mdadisi anayeicheka anaipalilia. Onyesha kichupa kitupu kabla ya sindano. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai, ilhali anayechangia damu hospitali hutoa kama mililita 450. Maelezo hayo yanatuliza kuliko hotuba ya nusu saa. Sema damu inakwenda maabara gani, itatunzwa muda gani, na kama itapanda ndege kwenda Ulaya, sema. Siri inayogundulika baadaye ndiyo inayozaa uvumi. Kilifi, pwani ya Kenya, ambako KEMRI na Wellcome Trust wanafanya utafiti wa afya tangu 1989, wakazi huchagua wawakilishi wao wa kupeleka maswali na malalamiko kituoni na kurudi na majibu. Mradi mdogo hauwezi kujenga mfumo kama huo, lakini hauwezi kukosa mtu mmoja anayefahamika kijijini na simu yake inapokelewa.

Nauli ilipwe siku hiyohiyo, taslimu au kwa simu. "Ofisi itatuma" ni kauli ya kumkopa maskini. Dodoso la saa moja na nusu lisimkute mama lishe wakati wateja wanapanga foleni. Ukimpima mtu shinikizo la damu ukalikuta juu, mwambie palepale na umpe barua ya kwenda kituo cha afya, hata kama utafiti wako unahusu kitu kingine.

Linalosahaulika kuliko yote ni mrejesho. Watu hujibu maswali, hutoa damu, kisha wasisikie neno tena hadi waje watafiti wengine na maswali yaleyale. Tenga fedha ya mrejesho tangu bajeti ya kwanza. Ukisubiri zibaki, hazitabaki. Rudi kwenye mkutano wa kijiji, sema kwa Kiswahili au kwa kilugha chao mlichokipata, hata kama dawa mliyoijaribu haikufanya kazi.

Na wewe unayeombwa kushiriki: uliza mpaka uridhike, na unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Ukiona umetendewa vibaya, tafuta namba ya kamati ya maadili kwenye fomu yako uipige. Kama fomu haina namba hiyo, usitie saini.