GARI IKIMISI, PIMA KABLA YA KUFUNGUA INJINI

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Niliyaamini maneno haya likizo iliyopita, pikapu ya baba ya kubebea kabeji ilipoanza kumisi. Ilitetemeka kama mgonjwa wa malaria, na mlimani haikuwa na nguvu. Fundi mmoja akasema lazima injini yote ifunguliwe. Baba akaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wetu, ambaye maziwa yake ndiyo yanayonilipia karo!

Jirani yetu, mzee aliyekuwa makanika, akamwambia, "Ngoja kwanza, tupime." Nilimshikia tochi, nikajifunza haya.

Injini yetu ina silinda nne. Kila silinda yahitaji mambo matatu: mchanganyiko wa petroli na hewa, mgandamizo, na cheche ya plagi kwa wakati wake. Moja likikosekana, silinda hiyo hulala.

Kwanza, tafuta silinda iliyolala. Tulizima injini, tukachomoa waya wa plagi moja na kuuegemeza kwenye chuma cha injini, kisha tukawasha. Kwa silinda ya kwanza, ya pili na ya nne, mtetemeko ulizidi. Kwa ya tatu, hakuna kilichobadilika. Mgonjwa akajulikana.

Pili, hamisha kifaa kimoja kimoja. Plagi ya tatu ilikuwa imelowa petroli, yaani petroli ilifika lakini haikuwaka. Tuliibadilisha na ya silinda ya pili. Ugonjwa ukabaki palepale. Kumbe plagi ni nzima. Tukabadilisha nyaya, ugonjwa ukahamia silinda ya pili. Mwizi tukamshika! Waya ulikuwa umekatika ndani.

Vyote vikiwa vizima, pima mgandamizo. Ukiwa chini, tia mafuta kidogo ya injini kwenye tundu la plagi, upime tena. Ukipanda, ringi za pistoni zimelika. Usipopanda, shuku valvu au gasketi. Hapo ndipo injini hufunguliwa.

Katika magari ya kisasa, kompyuta huandika P0303, yaani silinda ya tatu inamisi. Lakini haisemi kwa nini, kwa hivyo bado utahamisha plagi na koili.

Tahadhari: usiguse nyaya hizo injini ikinguruma. Umeme wake ni maelfu ya volti!

Tulinunua waya tu. Ng'ombe yuko zizini, nami niko darasani. Wenzangu, tusikate mti kabla ya kujua tawi lililooza.