Maua ya Porini Mbele ya Nyumba: Vidokezo 8 kwa Mtu Asiye na Muda

Kule Nyanda za Juu Kusini kuna Uwanda wa Kitulo, maarufu kama Bustani ya Mungu. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na mvua zikikolea huchanua okidi na maua mengine chungu nzima bila mtu kushika ndoo. Huna Kitulo nyumbani, sawa. Lakini una kile kipande cha ardhi kati ya geti na kibaraza, si ndiyo? Mita 10 za mraba zinatosha kabisa. Twende kazi!

1. Samadi? Iache bandani
Habari njema kwa wavivu: maua ya porini hayataki kunenepeshwa. Ukimwaga samadi, zitakazosherehekea ni nyasi. Zitarefuka na kuyanyima maua jua. Chagua penye jua la kutwa, hata kama ndipo mchicha wako ulipogoma.

2. Yatege magugu
Wiki tatu kabla ya mvua, lima na uokote mizizi ya ukoka. Yote, ndugu yangu! Kipande kimoja kikibaki, kitarudi na ukoo mzima. Sawazisha kwa reki, mwagilia, subiri. Magugu yatadhani msimu umefika, yatachomoza. Siku ya jua kali, yaparue juu juu kwa jembe. Usichimbue tena, maana chini kuna mbegu nyingine zimelala, na hatutaki kuziamsha.

3. Mbegu ziko njiani
Anza na wenyeji wasiodeka: mgagani, kivumbasi na marejea. Mgagani na marejea utazipata kwa wauza pembejeo. Kivumbasi kimejaa kando ya njia: kikikauka, kikung'utie ndani ya bahasha ya kaki, na uache kingine kijipande chenyewe. Hifadhini usichume kitu. Mbegu mpya za mgagani hugoma kuota, hivyo ziweke pakavu miezi mitatu au zaidi. Za marejea zina ganda gumu. Ziloweke usiku kucha, kisha zianike kivulini zisigandane.

4. Mchanga ndio siri
Mbegu za kivumbasi ni ndogo mno, na mkono wa binadamu hauna breki. Kwa mita zako 10, gramu 30 hadi 50 za mchanganyiko zinatosha. Zichanganye na kilo moja ya mchanga mkavu, gawa mafungu mawili. Fungu la kwanza limwage ukitembea kwa urefu, la pili kwa upana. Mchanga utakuonyesha ulipopita na ulipopasahau.

5. Kanyaga, usifukie
Mvua za mwanzo zikishalowesha ardhi, iwe masika au vuli, mwaga mbegu. Pitisha reki kidogo tu, halafu waite watoto wakanyagekanyage. Ndiyo, kwa mara moja wanaruhusiwa! Mbegu ikishikana na udongo, mvua haiisombi ovyo.

6. Kuku hajui maua
Kwake hiyo ni karamu. Tandaza matawi ya miiba juu ya eneo lote mpaka miche ishike, kisha yaondoe. Hakuna miiba? Makuti machache yaliyopangwa kwa nafasi yatasaidia.

7. Mjue adui kwa sura
Gugu karoti lina majani yaliyochanika kama ya karoti na vimaua vyeupe vya kupendeza. Usidanganyike! Ling'oe kabla halijachanua, na uvae glavu, kwani huwasha ngozi vibaya. Mgagani nao una maua meupe, ila nyuzi zake ndefu hutokeza nje mithili ya masharubu ya paka, na majani yake mara nyingi ni matano kwenye kikonyo kimoja. Ukisongamana, punguza. Uliouchuma unaingia chunguni, na mboga ya jioni imepatikana.

8. Fyeka kwa adabu
Pembeni, fyeka ukanda wa hatua moja kuzunguka eneo lote. Hapo jirani hatauliza kama mmehama, nawe utamwona nyoka mapema. Katikati usiguse mpaka kiangazi, maganda yakikauka na kupasuka. Hapo chukua fyekeo, kata ukiacha kimo cha kiganja kimoja, acha majani yalale siku tatu hadi tano ili mbegu zidondoke. Kisha yakung'ute na uyapeleke shimo la mboji. Ukiyaacha yaoze palepale, unarutubisha nyasi, na tulishakubaliana kuhusu samadi.

Kazi kubwa ni ya mwanzo. Baada ya hapo ni kung'oa wavamizi na kufyeka mara moja kwa mwaka. Mgagani unaweza kukupa maua ndani ya wiki sita hivi, kivumbasi kitafuata na nyuki wake. Mvua hazisubiri mtu, kwa hiyo Jumamosi hii jembe litoke stoo!